Vane ya kugeuza robo: kazi yake ni kufungua na kufunga, si kugawa maji

Maongezi mbele ya wanachama kwenye mkutano wa mwezi, baada ya shida ya maji ya kartie mbili

Mara ya mwisho tulikuja hapa na makaratasi mengi, tukaeleza mradi, mukapiga makofi. Leo hatuna karatasi. Tuko na vane tatu ndani ya mfuko wa mchele, moja mpya na mbili zilizokufa, na tunataka tuongee juu ya hizo tu.

Kwanza tuelewane juu ya majina, sababu humu ndani tumepitia njia mbalimbali. Wale waliokaa Nyarugusu ao Lugufu miaka mingi wanasema "vali" na "bomba". Wale waliobaki huku wanasema "vane", "robine" na "tuyo". Kitu ni kile kile. Leo tutasema vane. Na vane tunayoongelea ni ile yenye mkono mrefu, mara nyingi mwekundu ao wa bluu, unaugeuza mara moja tu, robo ya mzunguko, na maji yanakuja ao yanakatika. Ndani yake muna goroli ya chuma iliyotobolewa katikati. Tundu la goroli likielekea njia ya tuyo, maji yanapita. Ukigeuza, ubavu wa goroli unaziba njia. Goroli hiyo imebanwa katikati ya pete mbili nyeupe za tefloni, na hizo pete njo roho ya vane. Chuma kinaweza kudumu miaka ishirini, lakini pete zikiharibika, vane imekufa hata kama nje inang'aa.

Tusiichanganye na ile ya ndani ya tanki, yenye boya linaloelea na kufunga maji yenyewe tanki likijaa. Ile nayo iko na mpira, na watu wengine wanaziita jina moja, lakini ni mashine nyingine kabisa. Mtu akikutuma sokoni, muulize anataka ya mkono ao ya boya. Tumeshapotezeana siku nzima juu ya hilo.

Bon. Sasa tuseme kile kilichotuleta.

Wote munajua ginsi maji yetu yanavyoshuka. Chanzo kiko mlimani, kisha rezervuari, kisha tuyo la inchi 2, na pale kwenye mti mkubwa njia inagawanyika: tawi moja linaenda kartie ya juu, kwa ndugu waliobaki, lingine linashuka huku mulikojenga ninyi muliorudi. Wakati tuyo linawekwa, nyumba za huku zilikuwa chache. Leo ni nyingi. Kiangazi kikafika, maji yakapunguka, na huku chini robine zikaanza kutoa upepo. Mukalalamika, na mulikuwa na haki.

Tulifanya nini sisi? Tulipanda na fundi wetu, tukafungua kisanduku cha beto pale kwenye mti, tukageuza mkono wa vane ya kartie ya juu mpaka nusu, tukapiga alama ya rangi nyekundu kwenye tuyo: mkono ukae hapa. Tukashuka tumefurahi. Maji yakafika huku siku ile ile, mama mmoja akatuletea mihogo.

Ile alama ya rangi njo mwanzo wa kesi ambayo sasa iko kwa chefu. Tunaisema mapema ili mtu asifikiri tunakuja hapa kuhukumu wengine.

Yaliyofuata munayajua vipande vipande, kila kartie na kipande chake. Watu walianza kupanda usiku kusogeza mkono. Wa juu wanafungua kidogo, wa chini wanarudisha. Mvua za kwanza zikaleta mchanga. Kisha tukaambiwa vane hata ikifungwa kabisa maji yanapita tu. Kisha mkono ukatolewa, mtu akaenda nao nyumbani. Wenye kutaka maji wakageuza kile kijiti kilichobaki kwa koleo, mpaka kikakatika. Siku ile vijana wakakimbia kwenye vane kubwa ya rezervuari, wakaifunga kwa nguvu mara moja, pa! Na chini ya barabara tuyo likapasuka kwenye maungio. Karibu majuma mawili hakuna aliyepata maji, wa juu wala wa chini. Watu wakarudi ziwani na bidoni, na hapa kwetu pembeni ya Tanganyika hatuhitaji kufundishwa maji ya ziwa yanaleta nini wakati wa kolera.

Sasa kila upande unasema upande mwingine "uliharibu vane". Waliobaki wanasema ni wale waliotoka Tanzania, hawajui kutunza vitu vya hapa. Ninyi munasema ni wale, hawakutaka murudi. Komite imeombwa kulipa. Tulichukua ile vane, tukaifungua mezani, na tunataka muione wenyewe kabla ya siku ya kesi. Itapita mkononi mwa kila mtu. Taratibu tu, kuna fasi zinakata.

Angalieni pete ya upande huu. Imeliwa upande mmoja tu, kama sabuni iliyoachwa chini ya robine inayodondoka. Upande mwingine ni mzima. Koleo haliwezi kufanya hivyo, mkono wa mtu hauingii humo. Hii ni kazi ya maji. Vane ya namna hii ikiwa wazi kabisa, maji yanapita katikati ya tundu bila kugusa pete kwa nguvu. Ikifungwa kabisa, maji yanasimama, hayasugui kitu. Lakini ukiiacha nusu, njia inabaki mwanya mwembamba kama mwezi mchanga, na maji yote yanajibana pale, yanakimbia mbio sana, yanapiga kando moja ya pete mchana na usiku. Yakiwa na mchanga, ni msasa. Na angalieni goroli yenyewe, iko na mikwaruzo upande huo huo. Miezi michache ilitosha.

Kwa hiyo mtu wa kwanza kuharibu vane hii ni yule aliyesema mkono ukae nusu. Ni sisi. Tutasema hivyo hivyo mbele ya chefu. Kijiti kilichokatika ni jambo lingine, hilo ni koleo, alama za meno yake zinaonekana. Lakini mtu hachukui koleo kama vane inafunga sawasawa na mkono uko fasi yake.

Mtauliza, kama vane hii haiwezi kukaa nusu, tugawe maji na nini? Iko vane nyingine ya kukunja mara nyingi, gurudumu dogo juu, ndani sahani inashuka pole pole kama kifuniko cha sufuria. Ile imetengenezwa kwa kupunguza maji, na mafundi wa maji ya mteremko wanaitumia kwa kazi hiyo. Tunaweza kununua moja. Lakini tuseme ukweli: gurudumu nalo linageuzwa usiku. Ugomvi utahama tu kutoka mkono mwekundu kwenda gurudumu.

Tunaona njia mbili bora kuliko hiyo. Ya kwanza haina gharama: masaa. Asubuhi tawi la juu linafunguliwa kabisa na la chini linafungwa kabisa, mchana kinyume chake. Usiku yote mawili yanafungwa ili rezervuari ijae. Mwenye kufungua na kufunga ni mtu mmoja anayejulikana, na saa zimeandikwa pale kwenye robine za watu wote, si ndani ya daftari la katibu. Vane inafanya kazi iliyoumbiwa. Na kama kartie ya juu imepata saa tatu na ya chini saa tatu, mtoto wa darasa la pili anaweza kuhakikisha.

Ya pili inataka sementi kidogo na mafundi wawili. Ni sanduku la kugawa. Pale kwenye mti tunajenga kisanduku cha beto, maji yanaingia chumba cha kwanza, yanatulia nyuma ya kizuizi, kisha yanamwagikia vyumba viwili kupitia midomo miwili. Midomo yote iko kimo kimoja sawasawa, tunapima kwa tuyo jepesi la kuonyesha lililojaa maji, kama waashi wanavyofanya. Upana wa mdomo njo unagawa. Tuseme huku kuna nyumba 60 na kule 40: mdomo wa huku unapewa sentimeta 30, wa kule sentimeta 20. Maji yakiwa mengi, kila mmoja anapata mengi kwa kipimo chake. Kiangazi kikija, wote wanapungukiwa pamoja kwa kipimo kile kile. Hakuna mkono wa kugeuza, hakuna wa kuamka usiku. Na mtu akitaka kuiba, lazima avunje beto, na hiyo inasikika. Ubaya wake ni mmoja: kwenye sanduku presha inaanza upya, sababu maji yanakutana na hewa. Kwa hiyo linapashwa kukaa juu kuliko robine zote. Pale kwenye mti tumepima, panatosha kwa kartie zote mbili, isipokuwa nyumba chache za pale mgongoni mwa kilima. Wenye nyumba hizo tumeshaongea nao, tutaendelea kuongea nao.

Hesabu ya nyumba lakini tufanye pamoja. Hatutaki kusikia kesho kwamba watu wa shirika walihesabu majiko ya rafiki zao.

Tuje kwenye lile tuyo lililopasuka, sababu hapo pia kuna maneno. Wale vijana wanaambiwa walilipasua makusudi. Hapana. Walifunga vane haraka, basi. Sikieni hesabu hii. Tuyo la inchi 2, kila kilometa moja ina ndani yake karibu litre 2000 za maji, ni kusema tani 2. Tani hizo zinatembea, pole, lakini zinatembea. Vane ya kugeuza robo inaweza kufungwa kwa kufumba na kufumbua. Sasa tani zote hizo zinakuta mlango umefungwa. Zinaenda wapi? Zinagonga. Wafaransa wanaita kipigo cha kondoo dume, na ni kweli inafanana. Kwenye tuyo la chuma, maji yanayotembea mita 1 kwa sekunde yakisimamishwa ghafla yanaongeza presha ya zaidi ya bari 10, kama vile umeweka juu ya tuyo lako mlima mwingine wa mita 100. Tuyo la plastiki linanyumbuka, kwa hiyo pigo ni dogo, lakini maungio yetu chini ya barabara yalikuwa yamechoka tayari na kamyo.

Tena pigo halitoki mwanzo wa kugeuza. Mkono ukienda nusu, maji mengi bado yanapita. Hatari iko mwishoni, kile kipande cha mwisho kabla ya kufunga kabisa. Mafundi wengi wanafanya kinyume, wanaanza pole na kumaliza kwa kusukuma. Kwenye vane ya rezervuari, hesabuni mpaka 30 tangu kuanza hadi kumaliza, na nusu ya hesabu iwe ya kipande cha mwisho. Kwenye robine ya nyumbani si lazima, tuyo ni fupi. Kufungua pia pole, hasa kama tuyo lilikuwa tupu, sababu hewa iliyo ndani inatakiwa kupata muda wa kutoka. Wazee wetu waliofanya kazi kwenye kiwanda cha sukari cha Kiliba, kule uwanda wa Ruzizi, wanajua vizuri kuliko sisi: vane ya mvuke ukiifungua kwa pupa, tuyo zima linapiga kelele kama treni.

Sasa kutunza. Hapa tutaongea na mafundi wetu zaidi, lakini wamama wa komite wasikilize pia, sababu wao njo wanalipa.

Vane inayokaa bila kuguswa inakufa pia. Hilo watu hawaliamini. Chokaa na kutu vinajishika kwenye goroli, na siku ya haja, mkono haugeuki. Mtu anaweka kipande cha tuyo kwenye mkono ili apate nguvu, na kijiti kinakatika. Kwa hiyo mara moja kwa mwezi, kila vane, hata ile haina kazi, ifungwe na kufunguliwa mara mbili tatu, pole pole. Wakati huo huo muangalie ile ya kutoa uchafu, iliyo fasi ya chini ya tuyo: ifunguliwe kabisa mpaka maji yatoke safi. Baada ya mvua kubwa msingoje mwezi. Mchanga mukiutoa pale, hautafika kwenye pete.

Ikidondoka chini ya mkono, pale kijiti kinapoingia, msikimbilie kununua mpya. Kwenye nyingi, chini ya mkono kuna nati ndogo, ao ekru kama munavyosema huku. Ikaze kidogo, kama dakika tano za saa ya ukutani, angalia, ongeza kama bado. Ikiacha kudondoka, simama hapo. Ukikaza kupita, mkono unakuwa mgumu na tumerudi kwenye kipande cha tuyo na kijiti kukatika. Lakini ikiwa imefungwa na maji bado yanapita ndani, kama hii yetu, ni pete. Vane ya vipande vitatu iliyofungwa na bulo, kama zile za viwandani, unaweza kuifungua katikati na kubadilisha pete. Hizi ndogo za sokoni zimebanwa mara moja kwa maisha. Hazifunguki bila kuharibika, kama tulivyofanya na hii. Unabadilisha yote.

Kubadilisha: funga maji juu yake kwanza, kisha mwaga presha kwenye robine ya chini. Usiamini mkono tu, hakikisha maji yamekatika. Tumia kle mbili, moja inashika vane, nyingine inageuza tuyo, la sivyo unakaza huku unafungua kule. Tefloni inazungushwa kufuata njia ya kukaza, siyo kinyume, sababu kinyume inajikunjua ukianza kukaza na kesho inadondoka. Na jamani, moto. Tumeona fundi anapasha tuyo la plastiki kwenye makaa ili liingie, karibu kabisa na vane. Pete za ndani na plastiki yenyewe havipendi moto. Kama huna kiungo cha kipimo sawa, ngojea, siku moja ya kungoja ni rahisi kuliko vane.

Mkono nao. Ukilala sawa na tuyo, pako wazi. Ukikatisha tuyo kama msalaba, pamefungwa. Usigeuze huo mpangilio hata siku moja kwa sababu ukuta unabana, sababu fundi atakayekuja usiku ataamini mkono. Kama mkono umetolewa, angalia kichwa cha kijiti, kwenye nyingi kuna mkato ao pande zilizosawazishwa zinazoonyesha goroli imelala namna gani. Na mkono si fasi ya kutundika mfuko wala kufunga mbuzi. Munacheka, lakini kile kisanduku cha soko kina kamba mpaka leo.

Kwa nini tunasumbuka na matone? Chukueni mfano wa robine inayojaza bidoni ya litre 20 kwa saa moja, bila mtu kuifungua. Usiku na mchana ni bidoni 24, litre 480. Kipimo cha chini ambacho mashirika yanafuata wakati wa matatizo ni litre 15 kwa mtu kwa siku. Ni kusema ile robine moja inakunywa maji ya watu 32. Kiangazi, hao 32 ni nani? Kila kartie iko na jibu lake, na njo pale ugomvi unaanza.

Kununua sasa, kwa kifupi. Msiangalie rangi ya mkono. Beba vane mkononi: shaba ya njano ni nzito. Chukua sumaku, ile ya ndani ya spika ya redio iliyokufa inatosha. Mkono wa chuma utashika, hakuna shida. Lakini mwili ukishika sumaku, ni chuma kilichopakwa, kitaota kutu. Chungulia tundu: kwenye nyingine tundu la goroli ni jembamba kuliko tuyo, na kwa maji yetu ya mteremko yenye presha ndogo, hiyo ni hasara kila siku. Tafuta maandishi yaliyochongwa, PN na namba. PN 16 ni kusema inavumilia bari 16 kwa maji baridi. Isiyo na maandishi yoyote ni ya kufunga mlango wa kuku.

Tumeombwa na wamama wa sabuni tuseme neno juu ya pipa lao, na nesi wa kituo cha afya pia aliuliza. Mambo haya yanafanana kidogo, sababu hapo si maji tu yanapita.

Wamama, soda kostike inakula aluminiamu vibaya, inachemka na kutoa hewa inayoweza kushika moto. Isiguse aluminiamu kamwe. Shaba ya njano nayo inaliwa pole pole, sababu ndani yake muna zinki. Kwa pipa la soda wekeni vane ya inoksi, ao ya plastiki ngumu, lakini ya plastiki ingojee soda ipoe kwanza, sababu soda ikichanganywa na maji inapata moto mkali na plastiki inalegea. Ukifungua, usisimame mbele ya mdomo, na miwani ibaki machoni hata kama ni kazi ya dakika moja. Upande wa mawese ni rahisi: asubuhi ya baridi mafuta yanaganda ndani ya goroli, mkono unakataa. Msiulazimishe. Zungushia kitambaa cha maji ya moto, ngojea, utageuka wenyewe.

Nesi, javeli na maji makali ya klorini yanaharibu chuma, kwa hiyo ndoo zenu zibaki na robine za plastiki. Lakini liko jambo ambalo watu wengi hawajasikia. Vane ya goroli ikifungwa, kiasi kidogo cha maji kinabaki kimefungiwa ndani ya tumbo la vane, kuzunguka goroli. Kama ni maji ya kawaida, si neno. Kama ni javeli, inaendelea kutoa hewa mule ndani, hewa haina pa kwenda, na vane inaweza kupasuka. Viwanda vinavyotumia javeli vinanunua vane ambazo goroli yake iko na kitundu kidogo cha kupumulia upande wa pipa. Sisi hatuna hizo, basi tusiweke vane ya goroli kwenye pipa la javeli. Tumbo hilo hilo njo sababu viwanda vya maziwa na vya juisi haviipendi vane ya kawaida: kinachobaki mule kinaoza. Vijana wa juisi ya matunda, mukiosha pipa lenu, acheni maji ya moto kidogo yapite huku mkono uko nusu, ili yaingie mpaka tumboni. Ndiyo, nusu! Pale tu, dakika chache, wakati wa kuosha. Mtu asitoke hapa akisema tumejipinga.

Tumalizie na ratiba. Siku ya nne, asubuhi, tunapanda kwenye mti kufunga vane mpya. Tunaomba watu wawili kutoka huku, na chefu ameshawaambia kartie ya juu watoe wawili. Kisanduku kitapata kifuniko cha chuma na kofuli mbili. Ufunguo mmoja utakaa kwa komite ya juu, mwingine kwa komite ya chini, kwa hiyo bila wote wawili hakifunguki. Mpaka sanduku la kugawa likamilike tutafuata masaa. Kwa wiki ya kwanza fundi wetu atalala kule na kugeuza yeye mwenyewe, ili lawama ziwe zetu. Vane mpya hii tumeilipa sisi, haitoki kwenye kasha la chama. Tuyo la chini ya barabara bado hatujapata feza yake yote, na hilo tutaliongea na wanakomite baada ya mkutano.

Siku ya kesi tutakuwa pale na hizi mbili zilizokufa. Ya pili hatujaifungua bado, ni ile ya rezervuari, na hatujui tutakuta nini ndani. Vijana wawili waje hapa mbele na kle, mmoja ashike, mmoja ageuze. Na yule ndugu wa kartie ya juu aliyekaa pale mlangoni, karibu sana, sogea na wewe uone.